MUUGUZI ANAYEBISHA HODI
Somo la Biblia kwa familia na vikundi vya nyumbani

Maandiko ya kusoma pamoja: Kutoka 1:15-21, 2 Wafalme 5:1-14, Luka 10:25-37.

Lengo la somo: Kila mmoja wetu aelewe kwamba kazi ya muuguzi wa afya ya jamii ni utumishi mbele za Mungu, ajue namna ya kumpokea nyumbani mwake, na aamue moyoni kulinda siri za wagonjwa.

UTANGULIZI



Mtu tunayemzungumzia katika somo hili mnamjua wote. Anapita asubuhi kabla jua halijawa kali, begi begani, daftari mkononi, viatu vimejaa vumbi au matope kufuatana na majira. Anabisha hodi. Anauliza habari ya mtoto, habari ya mama mjamzito, habari ya mzee anayekohoa. Anaangalia choo, anaangalia dumu la maji kama lina kifuniko. Halafu anaandika, anaaga, anakwenda nyumba ya pili. Wengine tunampokea vizuri. Wengine tunawaambia watoto waseme baba hayupo.

Kwetu Kongo, upande wa Kivu, daktari na muuguzi wote tuliwaita muganga. Tulipovuka ziwa kuja Tanzania tukakuta hapa ukisema mganga, watu wengi wanafikiri mtu wa mizizi na hirizi. Basi tumejifunza kusema muuguzi, au nesi. Jina limebadilika, kazi ni ile ile. Lakini katika miaka yote ya kuchunga kanisa nimehubiri juu ya manabii, wafalme na mitume, na sijawahi kuhubiri juu ya kazi hii hata mara moja. Tena nimewahi kuifanyia ubaya. Ndiyo sababu ninaandika somo hili, na itanibidi nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, katika kanisa nililolichunga kabla ya hili, tulikuwa na dada mmoja muuguzi. Alisomea kazi hiyo nyumbani kabla ya vita, na alipofika kambini akapewa kazi ya kutembelea wagonjwa manyumbani. Aliimba pia katika kwaya. Siku moja baraza la wazee lilimwita, na mimi nilikuwa mwenyekiti. Mashtaka yalikuwa mawili. La kwanza, alikosa ibada Jumapili tatu kwa sababu ya kampeni ya chanjo. La pili, wazee walimwona akiingia kila wiki katika nyumba ya ndugu mmoja aliyekuwa akisaidia kugawa Meza ya Bwana. Walitaka kujua ndugu yule anaumwa nini. Mzee mmoja alisema, "Dada, tuambie ili tumwombee vizuri, tena tujue kama bado anafaa kushika kikombe."

Dada alinyamaza kidogo, kisha akajibu: "Wazee wangu, mnisamehe. Yeye mwenyewe yupo, muulizeni. Mimi niliyoyaona nyumbani kwake nimeyaacha nyumbani kwake."

Tuliona ni kiburi. Mimi kwa kinywa changu nilisema kwamba katika nyumba ya Mungu hakuna siri. Tukamwondoa katika kwaya kwa miezi mitatu. Mwisho wa jambo hilo nitaueleza mbele. Kwanza tuone kazi yenyewe, na Biblia inafundisha nini.

1. MUUGUZI WA AFYA YA JAMII NI NANI?

Muuguzi wa hospitali anangoja mgonjwa aje. Muuguzi wa jamii anakwenda alipo mgonjwa, na mara nyingi anafika kabla mtu hajawa mgonjwa. Hiyo ndiyo tofauti kubwa. Wa kwanza anamwona mtu kitandani. Wa pili anaona kitanda, anaona na chandarua kilichotoboka juu yake, anaona chakula kilichobaki kabla ya siku ya mgao, anaona watu saba wanaolala katika chumba kimoja.

Wako wauguzi waliosoma shule, na wako wahudumu wa afya wanaofundishwa kwa muda mfupi na kutoka katika jamii yenyewe. Hapa kambini wanafanya kazi bega kwa bega, na wengi wao ni wakimbizi wenzetu wanaopokea motisha ndogo tu. Kazi zao ni kama hizi: kufundisha usafi, kufuatilia chanjo, kupima watoto, kuwahimiza akina mama waende kliniki, kuwatafuta walioacha dawa, na kumwandikia rufaa mgonjwa ambaye hali yake imezidi.

Kwa nini waende nyumba kwa nyumba? Waulizeni waliokuwa Goma mwaka 1994. Mwezi wa 7 mwaka ule wakimbizi karibu milioni moja kutoka Rwanda waliingia Kivu Kaskazini katika siku chache. Maji yalikuwa ya ziwa, hayakusafishwa. Ardhi ni mawe ya volkano, ni vigumu kuchimba choo. Kipindupindu kikaingia, kikafuatwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza tu karibu watu 50,000 walikufa. Wengi walifia njiani na katika vibanda, hawakufika penye dawa. Na dawa kubwa ya kipindupindu mnaifahamu: ni kumrudishia mgonjwa maji na chumvi haraka kabla mwili haujakauka.

Ndugu zetu wa Burundi nao wanakumbuka Kagunga, mwezi wa 5 mwaka 2015. Maelfu kwa maelfu walibanwa katika ufuko mwembamba kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, wakingoja meli ya Liemba iwapeleke Kigoma, na kipindupindu kikawakuta hapo hapo. Aliyepita hapo haulizi tena kwa nini muuguzi anafunua dumu la maji.

2. BIBLIA INASEMA NINI?

(a) Afya ya kambi ni jambo la Mungu. Waisraeli walikaa miaka 40 katika mahema. Ukisoma Kumbukumbu la Torati 23:12-13 utakuta Mungu anawaagiza wawe na mahali pa choo nje ya kambi, na kila mtu awe na kifaa cha kuchimbia na kufukia uchafu wake. Na mstari wa 14 unaeleza sababu: Bwana mwenyewe anatembea katikati ya kambi. Basi mtu anayetukumbusha habari ya choo hatuletei jambo la aibu. Anatukumbusha Nani anapita kati ya mahema yetu.

(b) Msichana mdogo katika nyumba ya Naamani (2 Wafalme 5). Naamani alikuwa jemadari mkubwa, lakini habari ya uponyaji haikutoka kwa mfalme wala kwa waganga wa Shamu. Ilitoka kwa msichana aliyetekwa vitani, akachukuliwa mbali na wazazi wake, akawa mtumishi ndani ya nyumba. Leo tungemwita mtu aliyehamishwa kwa nguvu. Hakuwa na cheo, lakini alikuwa ndani ya nyumba, aliona ugonjwa, na alijua mahali pa kumpeleka mgonjwa. Hiyo ndiyo rufaa!

Tena angalieni hasira ya Naamani. Alikasirika kwa sababu dawa ilikuwa rahisi mno: kwenda kuoga mtoni. Alitaka jambo kubwa. Sisi nasi tuko hivyo. Muuguzi akituletea sindano tunafurahi. Akisema nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni, tunasema hajatupa kitu. Watumishi wa Naamani walimwuliza kama angeambiwa jambo gumu, je, asingelifanya? Swali hilo ni letu pia.

(c) Msamaria mwema (Luka 10). Kuhani na Mlawi walipita upande mwingine. Yule Msamaria alikwenda karibu. Hesabuni alivyofanya: alimwendea, alimfunga majeraha, alitumia mafuta na divai, alimpandisha juu ya mnyama wake, alimfikisha mahali pa kutunzwa, alilipa, na aliahidi kurudi kuangalia. Mambo hayo yote muuguzi wa jamii anayafanya: kwenda alipo mgonjwa, huduma ya kwanza, usafiri, rufaa, na kufuatilia. Mtu akifanya matatu ya kwanza na kuacha la mwisho, mgonjwa anaweza kurudi palepale. Kurudi kuangalia ni sehemu ya upendo.

(d) Shifra na Pua, wakunga wa Waebrania (Kutoka 1). Hapa ndipo mahali pa kukaa kwa muda.

Israeli walikuwa wageni Misri, watu wasio na nchi. Farao aliogopa wingi wao, akataka kuua watoto wa kiume. Alimwita nani? Hakuita askari kwanza. Aliwaita wakunga wawili. Kwa nini? Kwa sababu alijua kwamba askari akija mlango unafungwa, lakini mkunga akija mlango unafunguliwa. Yeye anaingia hadi chumba cha ndani. Anajua nani ana mimba, nani amejifungua, ni mtoto gani. Farao alitaka kuutumia ule mlango uliofunguliwa kwa imani, apitishe humo mambo yake mwenyewe.

Shifra na Pua walimcha Mungu, wakakataa. Waliwekwa kati ya mfalme na nyumba za maskini, wakachagua kuzilinda zile nyumba. Biblia inatunza majina yao wawili, na jina la Farao yule haikulitaja. Tena mstari wa 21 unaonyesha kwamba Mungu aliwapa wao nao familia zao. Waliolinda nyumba za wengine, Mungu aliwajengea nyumba.

Nilisoma habari hii mara nyingi nikiwa chuo cha Biblia, na siku zote nilijiona upande wa wakunga. Haikunijia kwamba siku ile katika baraza nilikuwa nimekaa katika kiti cha Farao. Nilimwita mwanamke anayeingia katika nyumba za watu, nikamwamuru anipe yaliyo ndani.

3. MWISHO WA HABARI ILE

Kambini kuta zetu ni nyembamba. Yule ndugu alipata habari kwamba baraza limekaa juu yake. Alisikia kwamba tumeuliza. Hakusikia kwamba dada amekataa kujibu. Akafikiri siri yake imekwisha kutoka.

Dada alipobisha hodi wiki iliyofuata, mtoto alimwambia baba amekwenda kutafuta kuni. Wiki nyingine, amekwenda kwa rafiki. Ndugu yule alikuwa na dawa za kunywa kwa muda mrefu bila kukosa, naye akaacha kwenda kuzichukua, maana aliogopa kuonekana katika foleni. Dada alirudi mara nyingi, alikaa nje ya mlango, aliondoka. Mimi sikujua. Nilifikiri ndugu amepoa kiroho.

Walipokuja kuniita usiku, alikuwa amekwisha kukonda sana. Alinishika mkono akasema, "Pasta, sikumkimbia Mungu. Nilikimbia midomo." Tulimpeleka hospitali, wakajitahidi, lakini tulikuwa tumechelewa. Baada ya siku chache tulimzika.

Ugonjwa wake sitautaja. Haukuwa wangu siku ile, na hata leo si wangu.

Nilisimama mbele ya kanisa nikaungama, bila kutaja jina lake, kwamba baraza lilikosa na mimi nilikosa kuliko wote. Nilikwenda kwa dada pamoja na mke wangu kuomba msamaha. Alitusamehe, alitupikia hata chai. Lakini aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Pasta, mimi nina begi na daftari tu. Dawa ziko hospitali. Kitu changu cha pekee ni kwamba watu wananifungulia. Mkininyang'anya hicho, sina kazi."

4. WANAOFANYA KAZI HII WANACHOKA

Kazi hii ya kwenda nyumba kwa nyumba ina historia yake. Katika Warumi 16:1-2 Paulo anamtaja Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, aliyewasaidia watu wengi. Toka mwanzo kanisa lilikuwa na watu wa kwenda kuangalia wenye shida.

Katika nyakati za karibu zaidi, mwaka 1859, katika mji wa Liverpool, Uingereza, mfanyabiashara William Rathbone alifiwa na mkewe baada ya kuugua nyumbani. Aliyemtunza mgonjwa alikuwa muuguzi Mary Robinson. Rathbone akawaza: kama mimi mwenye mali nilihitaji msaada huu, je, maskini anayeugua katika chumba kimoja na watoto wake? Akamwajiri Mary Robinson kwa miezi 3 aende kwa wagonjwa maskini majumbani mwao. Kabla ya mwezi mmoja kuisha, muuguzi alirudi kwake akitaka kuacha. Taabu aliyoiona ilimzidi. Rathbone alimsihi avumilie. Muda ulipotimia aliona wagonjwa wamepona na nyumba zimebadilika, naye akataka kuendelea. Kutoka hapo Liverpool ikaanzisha shule ya wauguzi mwaka 1862, na mji ukagawanywa ili kila sehemu iwe na muuguzi wake.

Na huko New York, mwaka 1893, muuguzi Lillian Wald alikuwa akiwafundisha akina mama wahamiaji namna ya kutunza wagonjwa nyumbani. Mtoto mmoja akaja darasani kumwita kwa mama yake aliyejifungua na hali yake ni mbaya. Akamfuata mtoto yule mpaka katika chumba chao. Baada ya siku ile alihamia kuishi katika mtaa ule wa wahamiaji, akaanzisha huduma ya wauguzi wa kutembelea nyumba.

Nataja habari ya Mary Robinson kwa sababu wauguzi wetu nao wana mwezi wao wa kwanza, na wengine mwezi huo hauishi. Anatoka katika nyumba yenye kilio, anaingia katika nyumba yenye njaa, na jioni anarudi katika nyumba yake mwenyewe ambayo mgao wake umepungua kama wetu. Yaliyomo moyoni hawezi kuyasema, maana ni siri za watu. Nani anamwambia avumilie? Mimi nilimwondoa katika kwaya, mahali pekee alipokuwa akipumzika.

5. AKIBISHA HODI NYUMBANI KWAKO

Mpe kiti, na mpe ukweli. Haya ndiyo mambo anayotafuta, nasi tuyajue.

Kuhara. Mtoto akihara, hatari kubwa ni kukaukiwa maji. Mpe maji ya pakiti yanayochanganywa katika lita 1 ya maji safi. Ikikosekana pakiti, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, weka vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, usizidishe. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Usimwachishe ziwa wala chakula. Kama macho yameingia ndani, amelegea, hawezi kunywa, au kuna damu katika kinyesi, usingoje kesho. Nenda kituo cha afya.

Utepe wa mkono. Watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 wanapimwa mkono wa juu kwa utepe wenye rangi. Kijani, kuanzia sentimita 12.5, ni vizuri. Njano ni onyo. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali, na mtoto anahitaji matibabu haraka. Mama, rangi nyekundu si hukumu juu yako. Usimfiche mtoto kwa aibu.

Homa. Hapa kwetu malaria ni nyingi. Mtoto mwenye homa apimwe mapema, na dawa alizopewa azimalize zote hata akiamka mzima siku ya pili. Chandarua ni cha kulalia. Si cha kuvulia samaki wala kuzungushia bustani.

Kikohozi. Mtu akikohoa kwa wiki 2 au zaidi, apimwe kifua kikuu. Ugonjwa huo unapona. Kwa kawaida dawa ni za miezi 6, na anayeacha katikati anaweza kufanya ugonjwa uwe sugu kwake na kwa watu wa nyumba yake.

Mimba. Mama aanze kliniki ndani ya miezi 3 ya kwanza, na baba amsindikize. Kutoka damu, kuumwa sana kichwa, kuona giza, au uvimbe wa uso na mikono, ni dalili za kwenda hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku.

6. IMANI NA DAWA

Wapo wanaouliza: Mchungaji, tukienda hospitali si tumepunguza imani? Hapana. Hezekia aliomba kwa machozi na Mungu akamsikia, na bado Isaya aliagiza watu watengeneze dawa ya tini waiweke juu ya jipu (2 Wafalme 20:1-7). Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu, naye Paulo anamwita mpendwa (Wakolosai 4:14). Na Bwana Yesu mwenyewe alipomtakasa mwenye ukoma alimwagiza aende akajionyeshe kwa kuhani (Luka 5:12-14), maana katika sheria kuhani ndiye aliyewapima watu na kuthibitisha kwamba wamepona.

Basi nawasihi wachungaji na wainjilisti wenzangu: tuombe, tufunge, tuweke mikono juu ya wagonjwa. Lakini tusimwambie mtu yeyote aache dawa. Mungu akimponya, vipimo vitamshuhudia. Na mama akileta mtoto mwenye homa katika mkesha, tuombe naye dakika 5, halafu tumtafutie mtu wa kumsindikiza kituo cha afya. Kumsindikiza nako ni maombi.

7. KANISA LIFANYE NINI?

Kwanza, tusiwaulize wauguzi habari za majirani. Hata kwa nia ya maombi. Mungu anajua jina la ugonjwa, sisi tuombe tu. Mgonjwa akitaka tujue, atatuambia mwenyewe.

Pili, sisi tunaotembelea wagonjwa kwa jina la kanisa tufuate sheria ile ile. Akina mama wa umoja, mashemasi, wachungaji: yaliyoonekana nyumbani kwa mtu yabaki nyumbani kwake. Mithali 11:13 inamtenga mchongezi anayetembea na siri za watu na mtu mwaminifu anayefunika jambo. Lakini tuelewane: kama mtoto anapigwa au mtu yuko katika hatari ya kufa, kunyamaza si uaminifu. Hapo tumweleze mhusika wa ulinzi au wa afya, yeye peke yake, wala si kijiji kizima.

Tatu, tusimhesabie dhambi muuguzi anayekosa ibada kwa sababu ya chanjo au zamu. Soma Luka 13:10-17 na Luka 14:1-6. Bwana aliponya siku ya Sabato, akawauliza kama ng'ombe akitumbukia kisimani hawamtoi siku hiyo. Mtoto ni bora kuliko ng'ombe. Kikundi cha nyumbani kinaweza kumtembelea jioni, wakaimba na kuomba pamoja naye.

Nne, tuwakumbuke wahudumu wa afya katika maombi ya Jumapili kama tunavyowakumbuka wainjilisti. Na wasichana na wavulana wetu wanaosoma, tuwaambie kwamba kazi hii ni wito. Mkimbizi anaweza kunyang'anywa shamba na nyumba, lakini ujuzi wa kutunza uhai anavuka nao mpaka, na siku ya kurudi anarudi nao.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Farao aliwaita wakunga kabla ya kuwaita watu wengine? Leo ni watu gani wanaofunguliwa milango ya ndani ya nyumba zetu?
2. Je, tumewahi kumficha mgonjwa au mtoto muuguzi alipobisha hodi? Tuliogopa nini?
3. Ni maagizo gani rahisi, kama yale ya Naamani, ambayo familia yetu inayadharau?
4. Msamaria aliahidi kurudi kuangalia. Ni nani tulimwombea mwezi uliopita na hatujarudi kumwona?
5. Kwa wazee na viongozi tu: katika vikao vyetu, tumewahi kudai siri ambayo si yetu? Tufanye nini kutengeneza?

Zoezi la wiki: Kila familia imshukuru kwa mdomo muuguzi au mhudumu wa afya anayepita katika kijiji chake, na ihakikishe kwamba pana sabuni au majivu na maji ya kunawia karibu na choo.

SALA

Ee Bwana, uliyewaona Shifra na Pua katika nchi ya ugeni, waone na hawa wanaopita katika nyumba zetu leo. Wape nguvu wanapochoka, na chakula katika nyumba zao. Utusamehe sisi viongozi tulipofungua kwa nguvu yale uliyoyafunika. Ulinde midomo yetu. Waponye wagonjwa wetu, na waliojificha kwa aibu uwape ujasiri wa kufungua mlango. Katika jina la Yesu. Amina.